Panya na nyegere meza moja: ukubwa na lafudhi za wanyama wanaosema katika fantasia

KalamuMvuli

Habari za humu, wakuu. Nina muswada wa fantasia ambao wahusika wake wote ni wanyama wanaosema. Wengi wanatembea kwa miguu miwili, na binadamu hakuna. Kwenye msafara kuna panya, nyegere, sungura, fisi, kasuku, swila na tembo. Nimekwama mahali pawili.

Kwanza, ukubwa. Sura ya 2 panya na nyegere wameketi meza moja, kila mmoja na kikombe chake. Sura ya 7 panya huyohuyo anajificha ndani ya kiatu cha fisi. Sura ya 11 anamvuta nyegere aliyezimia hadi nje ya mto. Matukio hayo matatu hayawezi kukaa kwenye mwili mmoja. Sitaki panya wa gramu 20 kama alivyo kweli, maana upanga hataushika. Sitaki pia wote wawe na kimo cha binadamu, maana hapo upanya wake utabaki mkia tu.

Pili, lafudhi. Swila nimempa "sss" ndefu, kasuku anarudia kila neno mara mbili, fisi anageuza r kuwa l, tembo anasema polepole kwa vinukta vingi. Wasomaji wa majaribio wanasema mazungumzo yanachosha, na wawili wameuliza kwa nini fisi peke yake ndiye anayesemeshwa kama mtu wa kuchekwa. Nirekebishe vipi?

---

PimaKwanza

Mimi nashika la ukubwa, la lafudhi wapo wanaolijua zaidi.

Njia ziko tatu. Ya kwanza ni ukubwa halisi, na inafaa pale udogo wenyewe unapoendesha hadithi. Ile ngano ya Sungura kuwafungisha kamba tembo na kiboko wavutane bila kuonana inasimama kwa sababu hii: Sungura ana kilo mbili au tatu, tembo dume ana tani 5 au 6, na msikilizaji anajua kwamba sungura hawezi kuvuta hata ukucha wa yule. Ukimkuza Sungura, ngano imekufa. Njia ya pili ni wote kuwa na kimo cha binadamu, ambayo umekwisha kuikataa. Ya tatu ndiyo unayoitafuta: kubana tofauti. Mdogo anakuzwa sana, wa kati anakuzwa kidogo, mkubwa anapunguzwa, lakini mpangilio wa nani kumzidi nani haubadiliki.

Usibane kwa kukisia kila sura, tumia kanuni moja. Chukua kimo halisi cha mnyama kwa sentimita akiwa katika mkao atakaokuwa nao hadithini, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 15. Kwa wahusika wako:

- Panya wa nyumbani akisimama, sm 9: anakuwa sm 45.
- Kasuku wa kijivu, sm 33: anakuwa sm 86.
- Sungura akisimama, sm 50: anakuwa sm 106.
- Nyegere akisimama, sm 70: anakuwa sm 125.
- Fisi madoa akisimama wima, sm 140: anakuwa sm 177.
- Tembo dume begani, kwa miguu minne, sm 330: anakuwa sm 272.

Panya wa kweli anaingia kwa tembo mara 37 kwa kimo, hapa anaingia mara sita tu. Wanaweza kuwa ukumbi mmoja, na bado tembo ni mlima mbele ya panya. Ukitaka dunia nzima iwe ndogo zaidi au kubwa zaidi, badilisha ile 15 peke yake. Usimguse mhusika mmoja mmoja.

Swila ni mtego. Nyoka ana urefu, kimo hana, kwa hiyo pima pale anapoinua kichwa. Jamii ya swila huinua takriban theluthi moja ya mwili. Mwenye mita 1.5 anainua kichwa sm 50, ambayo kwa kanuni inakuwa sm 106. Macho yake na ya sungura yako mstari mmoja. Lakini sasa urefu wake wote ni zaidi ya mita 3, na mwili huo lazima uwekwe mahali kila wanapoingia chumbani. Waandishi wengi huusahau mkia.

Uzito hauendi sambamba na kimo. Ukikuza kimo mara 5, eneo linakua mara 25 na uzito mara 125. Panya wako wa gramu 20 sasa ana kilo 2.5. Nyegere wa kilo 12 aliyekuzwa mara 1.8 anafika karibu kilo 69. Tembo wa tani 5 anashuka hadi tani 2.8 hivi. Hapo ndipo sura ya 11 inapovunjika: wa kilo 2.5 hamkokoti wa kilo 69 juu ya tope, hata awe shujaa wa namna gani. Kinachowezekana ni kuuacha mto ufanye kazi. Mwili unaelea, basi panya amfunge kamba kifuani, aifunge ncha ya pili kwenye mzizi wa ukingoni upande wa juu wa mto, na mkondo utamzungusha nyegere kama pendulo hadi atue ukingoni uleule. Akishatua, panya anakesha akimshikilia pua juu ya maji. Tukio linakuwa kali kuliko lile la kuvuta.

Sura ya 7: fisi wa sm 177 ana kiatu cha sm 27 hivi, panya wa sm 45 haingii. Mtie kwenye mkoba wa begani wa fisi. Kilo 2.5 fisi atazisikia, kwa hiyo panya aingie mkoba ukiwa umewekwa chini na atoe kitu chenye uzito huohuo.

Sura ya 2 inakaa, lakini panga samani. Kwa mtu wa sm 170, kiti cha kawaida huwa sm 45 na meza sm 75, yaani robo na zaidi kidogo ya kimo, na asilimia 44 ya kimo. Nyumbani kwa nyegere kiti kitakuwa sm 33 na meza sm 55. Panya akisimama sakafuni haioni meza. Akisimama juu ya kiti, sm 23 zake zinatokea juu ya ubao, yaani nusu ya juu ya mwili wake. Basi kwa nyegere panya hula amesimama kitini, na kila msomaji ataelewa ukubwa wao bila wewe kutaja sentimita hata moja.

Jambo la mwisho kwa kasuku. Kumkuza mara 2.6 kunamfikisha kilo 7 kutoka gramu 400. Uzito umepanda mara 18, eneo la mabawa mara 6.8 tu, kwa hiyo kila kipande cha bawa kinabeba mara 2.6 ya zamani na mwendo wa chini kabisa wa kubaki hewani unapanda mara 1.6. Kilo 7 bado huruka, kwani ndege wazito zaidi wanaoruka hufikia kilo 18 hivi. Lakini hatapaa tena kutoka mezani kwa kupiga bawa mara mbili. Anahitaji kukimbia kwanza au kujirusha kutoka juu. Mwekee tawi, paa au bega la tembo.

---

UlimiNaKaakaa

PimaKwanza kamaliza la kimo. Sasa midomo.

Unachanganya vitu vitatu chini ya jina "lafudhi". Kuna vizuizi vya mwili, yaani sauti ambazo kinywa hicho hakiwezi kuzitoa. Kuna lafudhi yenyewe, inayotokana na mahali na walezi. Na kuna tabia ya kusema: haraka, kwa mafumbo, kwa mkato. Fisi wako umempa lafudhi ya watu, swila umempa kizuizi cha mwili (na ambacho si sahihi, nitaeleza), kasuku umempa tabia. Msomaji akiviona vimewekwa kama kitu kimoja, anaelewa kwamba aina ya mnyama ndiyo lafudhi, na kutoka hapo hadi kwenye "fisi wote husema kijinga" ni hatua moja.

Swila: s hutamkwa kwa kuleta ncha ya ulimi karibu na ufizi na kubakiza mfereji mwembamba wa hewa. Ulimi wa nyoka ni uzi uliopasuka ncha, kazi yake kubwa ni kukusanya harufu, na hauna nyama ya kutengeneza mfereji huo. Mlio wake unatoka kwenye tundu la pumzi lililo sakafuni mwa kinywa, hewa ikisukumwa kwa nguvu na kinywa kikiwa wazi kidogo. Sauti ya namna hiyo ni h, au kh. Na hapa Kiswahili kinakupa zawadi: maneno yetu mengi yenye asili ya Kiarabu yana umbo la zamani lenye kh. Mwache swila aseme khabari, kheri, khatari. Anasikika mwenye koo, mzee na msomi, na hujaongeza hata herufi moja ya kurefusha. Futa "sss" zote.

Farasi, kama utamleta: hupumua kwa pua tu, kaakaa lake laini limeziba njia ya kinywani. Sauti zake zingekuwa za puani, m, n, ny, ng'.

Ndege hana midomo. P, b, m, f, v na w zote zinadai midomo, na Kiswahili kimejaa m: mimi, mtu, mwenzangu, umefika. Ndege wa namna hiyo hawezi kusema "mimi". Lakini sarufi inamwokoa, kwa sababu kiambishi ni- kinatosha. Soma hii: «Nataka kukaa juu nione njia. Ukisikia kelele, kaa chini, tulia, ngoja hadi jua litoke.» Hakuna konsonanti ya midomo hata moja humo, na sentensi haijalemaa. Msomaji hatajua kilichokosekana, ila atasikia kwamba huyu anasema tofauti na wenzake. Ndiyo namna bora ya kuandika kizuizi: chagua maneno, usiharibu tahajia.

Usiharibu tahajia kwa sababu Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Badilisha herufi moja na umepata neno jingine. Fisi wako akitaka kusema "mahari" atasema "mahali", "kura" itakuwa "kula". Ukurasa mmoja wa hivyo na msomaji ameanza kufumbua badala ya kusoma.

Na jua pa kuishia. Mamba hana midomo, na ulimi wake umeshikwa na ngozi hadi sakafuni mwa kinywa, hauchomozi. Ukimfuata kwa uaminifu wote atabaki na k, g, h na irabu. Chukua ukweli mmoja wa mwili kwa kila mhusika, uushike hadi mwisho, mengine yabebwe na fantasia.

---

MbawaTatu

Naafiki karibu yote ya UlimiNaKaakaa, ila kwa kasuku hapana. Ile sentensi isiyo na midomo mpe korongo. Kasuku anatoa sauti kwa sirinksi, kiungo kilichoko pale bomba la pumzi linapogawanyika kwenda mapafuni, na ulimi wake mnene unageuza sauti hiyo kama unavyofanya wetu. Sikio la binadamu husikia p na b kutoka kwake bila shaka yoyote. Yeye ndiye mnyama pekee katika msafara wako asiye na kizuizi.

Kwa hiyo kurudia neno mara mbili ni kumdhulumu. Kipaji chake ni kubeba lafudhi za wengine. Akisimulia alichosema tembo, kifungu hicho kitoke kwa mtindo wa tembo, na akimaliza arudi kwenye wa kwake. Tena unapata silaha ya kisa: gizani, hakuna anayejua kama aliyeita ni nyegere au kasuku.

Kuhusu lafudhi kutoka kwa walezi, wanyama wa kweli wanatoa ushahidi mzuri. Sili (mnyama wa baharini anayenyonyesha) aliyeitwa Hoover, aliyeokotwa akiwa mtoto pwani ya Maine nchini Marekani mwaka 1971 na kulelewa na binadamu, aliishi baadaye katika jumba la viumbe wa majini mjini Boston hadi alipokufa mwaka 1985. Alisema vifungu vya Kiingereza, na vilitoka kwa lafudhi ya watu wa upande ule. Tembo wa Asia aitwaye Koshik, wa Korea Kusini, aliiga maneno matano ya Kikorea kwa kutia ncha ya mkonga kinywani ili kubadili umbo la njia ya sauti. Utafiti wake ulitoka mwaka 2012. Hilo la mkonga litumie! Tembo wako akitaka kusema siri kwa sauti ya watu wadogo, aweke mkonga kinywani. Kila atakayeuona mkonga umepanda atajua kuna neno linakuja.

Hata bila binadamu, lugha za makundi zipo. Mwaka huohuo wa 2012 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba milio ya watoto wa mbuzi huanza kufanana na ya kundi wanalokua nalo. Fuko wale wasio na manyoya wana mlio wa salamu unaotofautiana koloni kwa koloni. Mtoto akihamishiwa koloni nyingine hujifunza mlio wa huko, na malkia akipotea ule mlio wa pamoja hulegea. Hayo yaliandikwa mwaka 2021. Ufalme uliopoteza malkia, na lafudhi yake inaanza kutawanyika: hapo kuna sura nzima.

Kanuni yangu basi: lafudhi ifuate bonde, isifuate manyoya. Panya na fisi waliokulia ukingo mmoja wa mto wanasema sawasawa. Panya wa mlimani akikutana na panya wa bondeni, wanashangaana.

---

KalamuMvuli

Nimeelewa, na kh ya swila nimeshaanza kuiweka. Lakini nikitaka lafudhi mbili za kubuni, ya bonde na ya mlima, bila kugusa tahajia na bila kuazima lafudhi ya watu halisi kwa kuwacheka, nishike nini? Na je, kuna namna ya kuonyesha ukubwa ndani ya lugha yenyewe badala ya kurudia "mkubwa" na "mdogo"?

---

NgeliNane

Nianze na la pili. Kiswahili kina kipimo cha ukubwa ndani ya ngeli, na kinapima kutoka kwa macho ya msemaji. Chukua paka mmoja aliyelala mlangoni:

Panya: «Jipaka lile limelala mlangoni, halijatuona.»
Sungura: «Paka yule amelala mlangoni, hajatuona.»
Tembo: «Kipaka kile kimelala mlangoni, hakijatuona.»

Msomaji ameshapata kimo cha wasemaji watatu kwa kiambishi tu. Lakini shikilia masharti. Msimulizi abaki na a-/wa- kwa wote, kuza na dunisha iwe ya wahusika, la sivyo utaonekana wewe ndiye unayemdharau panya. Pili, upatanisho ufike hadi mwisho wa sentensi: ukianza na jipaka lile, kitenzi ni limelala. Ukirudi kwenye amelala nguvu imekwisha. Tatu, kumwita aliyepo mbele yako kwa ki- ni tusi. Tembo akisema «Kijipanya hiki kinataka nini?» ajue kwamba ugomvi umeanza, na wewe ujue pia. Nne, neno joka. Kwa panya, swila ni joka, ni sawa kabisa kisarufi, lakini msomaji wa fantasia akisoma joka anaona mbawa na moto. Ukilitumia, tanguliza jina: «Swila yule, joka lile...»

Jingine ambalo sijaliona likitajwa hapa, na huharibu miswada mingi: neno mtu. Dunia yako haina binadamu, lakini "kila mtu", "hakuna mtu", "mtu wa nne kwenye foleni", "utu" vitajipenyeza kila ukurasa. Amua mapema. Ama wanyama wanajiita watu, na hapo msomaji azoezwe ukurasa wa kwanza kwa sentensi iliyo wazi, au uandike "kila mmoja", "hapakuwa na aliyejua", "wa nne". Mimi napendelea wajiite watu, kwa sababu "hakuna kiumbe aliyejua" inachosha haraka. Matusi nayo yatazame upya. "Mnyama wewe" halina maana huko. Methali vilevile: "Wapiganapo tembo nyasi huumia" ikitoka kinywani mwa sungura mbele ya tembo ni shutuma ya kisiasa, haiwezi kupita kama pambo la mazungumzo.

Lafudhi mbili za kubuni: jenga kwa sarufi na msamiati. Tazama lahaja zetu zenyewe. Kimvita husema mato pale Kiunguja kinaposema macho, na ndia pale kinaposema njia. Tofauti hizo zina utaratibu, zinajirudia katika maneno mengi, wala hazimfanyi msemaji mpumbavu. Iga utaratibu huo, usiige sauti zenyewe. Kwa mfano:

Bonde hufupisha: naenda, naona. Kitenzi hutangulia mtenda: «Amefika fisi. Imejaa njia.» Huitana mwenzangu, hata kwa adui. Hupima muda kwa maji: tangu mto uliposhuka, kabla maji hayajawa mekundu.

Mlima husema kamili: ninakwenda, ninaona, imekwisha. Mtenda kwanza, daima. Huitana kwa jina na ukoo. Hupima muda kwa kivuli.

Alama mbili au tatu zinatosha. Ziweke nene katika mistari miwili ya kwanza ya mhusika, kisha moja kila baada ya mistari kadhaa. Ukiona umefika alama ya tano, ondoa mbili. Jaribio: futa majina ya wasemaji kwenye ukurasa mmoja, mpe mtu ambaye hajausoma muswada. Akibaini nani wa bonde na nani wa mlima kwa zaidi ya nusu ya mistari, inatosha. Akibaini mistari yote, umezidisha chumvi.

Fisi mrudishie r zake. Awe wa bonde kama wenzake wa huko. Kama unataka ufisi wake usikike, chukua kicheko, lakini kichukue kwa maana yake: fisi madoa hutoa ule mlio wa kucheka akisongwa, akifukuzwa huku ameshika kitu mdomoni au akinyenyekea kwa mkubwa. Fisi wako acheke anapoogopa. Wahusika wengine wakidhani anafurahi, msomaji anayejua atauma kucha.

---

UlimiNaKaakaa

Naongezea kuhusu sauti na ukubwa, maana vinakutana.

Njia ya sauti kutoka kooni hadi midomoni ni kama bomba lililozibwa upande mmoja. Kwa mwanamume ni sm 17 hivi, na mwangwi wake wa kwanza, yaani sauti ya chini kabisa ambayo bomba hilo huikuza, unaangukia karibu Hz 500 (mitetemo 500 kwa sekunde). Bomba likifupishwa, mwangwi unapanda kwa kiwango hichohicho. Panya wa sm 45 mwenye uwiano kama wetu angekuwa na bomba la sm 4.5 na mwangwi wa kwanza karibu Hz 1,900, juu kuliko wa mtoto mchanga. Tembo wa sm 272, bomba la sm 27, karibu Hz 310. Kwa hiyo usimwandike panya "akinguruma" wala tembo "akipiga ukelele mwembamba". Na panya akipaza sauti sana, irabu zake zinaanza kufanana: sauti ya msingi (ile inayotoka kooni) ikishapita mwangwi wa kwanza, sikio halitofautishi tena i na e. Panya anayepiga kelele kwa hofu anaweza kueleweka vibaya, na hilo ni kosa la kimaumbile unaloweza kulijengea tukio.

Masikio nayo. Panya husikia takriban kHz 1 (yaani Hz 1,000) hadi 90. Tembo husikia kutoka chini ya Hz 20 hadi takriban kHz 12. Mngurumo wa tembo ulio chini kabisa panya hausikii, na mlio wa panya ulio juu tembo hausikii. Kila mmoja ana chumba cha siri mbele ya mwenzake.

Vinukta vya tembo vifute. Moyo wa tembo hupiga mara 30 hivi kwa dakika, wa panya hufikia 600. Onyesha hilo kwa urefu wa sentensi: tembo apewe sentensi ndefu yenye vishazi, asikatizwe, afike nukta. Panya apewe vipande vya maneno matano au sita, tena aanze kujibu kabla tembo hajamaliza.

---

KalamuMvuli

Ahsanteni sana, nimeandika yote pembeni. Swali moja kwa PimaKwanza: msafara wao ni wa siku nne kwa miguu. Nimeandika wanatembea pamoja, mstari mmoja. Kwa vimo hivi inawezekana?

---

PimaKwanza

Haiwezekani. Mwendo wa kutembea bila kujilazimisha hufuata kipeuo cha pili cha urefu wa mguu. Tukichukua mguu kuwa sehemu ileile ya kimo kwa wote, na mtu wa sm 170 kuwa na km 5 kwa saa, panya wa sm 45 anakwenda km 2.6, sungura km 3.9, nyegere km 4.3, fisi km 5.1, tembo km 6.3. Kwa saa sita za mwendo panya amefika km 15, nyegere km 26, tembo km 38. Siku nne, panya na tembo wameachana kwa karibu km 90.

Ama wote waende kwa mwendo wa panya, na tembo asimame kila baada ya dakika chache, ama panya abebwe. Kilo 2.5 kwa tembo ni kama hakuna kitu, lakini juu ya mgongo wa sm 272 panya akianguka anaanguka mara sita ya kimo chake na zaidi, na kwa kilo 2.5 hana tena ile bahati ya panya mdogo wa kweli ya kutua bila kuumia. Afungwe kamba kiunoni. Kasuku naye apande hapohapo, maana ndipo atakapopatia mahali pa kujirushia. Mbele waende fisi na nyegere, na mwendo upangwe na sungura, km 3.9 kwa saa, kwa sababu ndiye mwenye mguu mfupi kuliko wote wanaobaki chini. Swila hana mguu wa kuingiza kwenye hesabu hii. Nyoka huenda haraka kwa umbali mfupi kisha huchoka, kwa hiyo mpe vipande vya kutangulia kukagua njia na vipande virefu vya kuzungushwa mara mbili kwenye shingo ya nyegere, ambaye kwa mita 3 za nyoka atalalamika kuanzia siku ya kwanza.